Texas, tunakuja na watoto

Tumeamua: tunatoka Minnesota, tunahamia kaskazini mwa Dallas. Wengi wanasifia kwamba Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Kweli, ila kodi ya kumiliki nyumba inauma, pigeni hesabu kwanza. Kilichotuumiza kichwa ni shule: nyumba inaweza kuwa na anwani ya mji wa Plano, mtoto akaangukia wilaya ya shule ya Frisco au Lewisville, maana mipaka ya shule haifuati ya mji. Kwa hiyo kila nyumba tuliyoipenda, anwani kwanza, jiko baadaye. Jioni tukazunguka mitaa kwa miguu. Palipokuwa na baiskeli za watoto zimelazwa nje ovyo, baba watoto akasema, "Hapa hapa." Mlioko huko, ibada ya Kiswahili iko wapi? Nishtueni inboksi.