Nimerudi Katesh na filimbi shingoni

Basi liliniteremsha Katesh jioni, Mlima Hanang umejifunika wingu hadi kiunoni. Mama mdogo akanipokea begi kabla sijamaliza kusema shikamoo. Miaka tisa Marekani. Niliondoka mkimbiaji, nimerudi mwalimu wa michezo wa sekondari, na ndicho nilichokitaka.

Kwetu ukitaja riadha na Marekani, wazee wanamtaja Gidamis Shahanga, mtoto wa hapa hapa: dhahabu ya marathoni Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978, dhahabu ya mita 10,000 Brisbane 1982, na chuo cha El Paso, Texas, alikosoma na kukimbia kama Mtanzania mwenzake Suleiman Nyambui. Kwa hiyo nilipoondoka, kila mtu alijua naenda kukimbia tu.

Kocha wa chuoni akaniweka kwenye michezo saba, shindano moja la siku mbili. Siku ya kwanza mita 100 viunzi, kuruka juu, tufe, mita 200. Siku ya pili kuruka chini, mkuki, mita 800. Msimu wa vuli nikacheza mpira wa wavu. Mkuki ulinitoa machozi. Lakini goti lililonisumbua tangu kidato cha tatu likatulia, maana sikuwa tena nakimbia barabara ile ile mwaka mzima. Nyumbani nilikatazwa hata netiboli, eti nitaharibu mbio. Hilo bado linaniuma, na sitalifanya kwa mtoto wa mtu.

Wiki hii tumechora njia za mbio kwa majivu. Ufito wa mkaratusi ndio mtambo wetu wa kuruka juu, na pa kuangukia ni viroba vya maranda kutoka kwa fundi seremala. Binti mmoja wa kidato cha pili, mwepesi kuliko wote, aliogopa kuupa ufito mgongo. Mara tatu alifika, akasimama. Mara ya nne akaruka, akazama kwenye maranda, akainuka na vumbi la mbao kwenye nyusi, akicheka.

Jana baba yake alikuja uwanjani na fimbo yake ya kuchungia.

"Mwalimu, huyu ni wa mbio. Michezo ya sekondari, UMISSETA, inakuja. Mbona unamrushisha mawe?"

"Shikamoo baba. Ni tufe. Linampa nguvu za kumalizia mita 800."

"Marahaba. Lina kilo ngapi?"

"Tatu."

Akalipima mkononi, akalihamishia mkono wa pili, kisha akamkabidhi binti yake.

"Haya, rusha nione."