Kiduha kilivyonifundisha kulisoma shamba langu

Kwenye nyasi za juu ya shamba letu hapa Dodoma, kiduha ni kimmea kizuri. Urefu wa shubiri moja, ua jekundu lililokoza, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nyasi za pori zimekizoea. Kinaota na mvua, kinamwaga mbegu, kinakufa. Shambani ndiko kilikonitesa.

Mtama wangu ulidumaa na kunyauka wakati udongo una maji tele. Nikalaumu mbegu. Mama mkwe akaniambia, "Usiung'oe mwanangu, uchimbue." Nikachimba taratibu kwa kisu, nikapangusa udongo. Kizizi cheupe cha kiduha kilikuwa kimeungana na mzizi wa mtama kwa kifundo, kimeng'ang'ania kama kupe. Hadi kichomoze juu, kimeshanyonya wiki kadhaa huko chini.

Mbegu zake ni vumbi tupu, na hulala ardhini hata zaidi ya miaka kumi. Haziamki mpaka zipate kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mtama, mahindi au uwele, na mmea uliokosa fosforasi, kirutubisho cha udongoni, huitoa kwa wingi zaidi. Nilipolijua hilo nikapita shamba zima nikichomeka kijiti kila kilipoota. Vijiti vikajaa kwenye mteremko, ambako mvua imechukua udongo wa juu. Palipokuwa zizi la mbuzi zamani hapakuwa na hata kimoja.

Basi samadi yote nikaipeleka mteremkoni. Kwa misimu miwili sikupanda mtama huko, nilipanda karanga na alizeti. Mizizi yake huamsha baadhi ya mbegu za kiduha, lakini zikiamka hazipati pa kushika, zinakufa. Kilichochomoza nilikitoa kabla vidonge vya mbegu havijakauka, nikakichoma moto. Hapo ndipo nikarudisha mtama, aina ya Hakika, unaostahimili kiduha. (Ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa wana kiduha kingine, kirefu zaidi, chenye maua ya rangi ya waridi.)

Msimu uliopita nilichomeka vijiti vitatu tu mteremko mzima.

Kule juu kwenye nyasi nimekiacha kichanue. Nimechimba tu mtaro wa kukinga maji, maana mvua ndiyo inayozishusha mbegu.