Nimekwenda Ujiji kumsalimia Livingstone

Jana nilimpeleka mpwa wangu Ujiji, maana ana miaka kumi, amezaliwa Kigoma, na zile sanamu alikuwa hajaziona hata siku moja. Tukapanda daladala, tukashuka, tukauliza njia kwa mama muuza dagaa.

Ziko mle ndani ya makumbusho: Livingstone, yule mmisionari Mskoti, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, wanasalimiana, kofia mkononi. Sura zao, kusema kweli, hazinivutii sana. Mtoto akauliza, "Mjomba, mbona wamevaa suti na joto lote hili?" Nikacheka.

Nikamsimulia. Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo, akapitia Tabora, akafika hapa na msafara na bendera ya Marekani, wakakutana chini ya mwembe. Ule wenyewe haupo tena. Iliyopo leo inasemekana ni uzao wake.

Ila mimi moyo wangu uko kwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Ndiye aliyemlaki Stanley, kisha akatimua mbio kumwambia bwana wake kuna mgeni. Livingstone alipofariki mwaka 1873, huko ambako sasa ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao walizika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo. Miezi njiani! Halafu sanamu wanasimamishiwa wenye kofia.

Mpwa wangu naye? Tumerudi nyumbani, dada akamuuliza ameona nini. "Maembe, mama. Yameiva."