Nilivyotoa madoa ya peni kwenye plastiki za gari

Nina Premio ya 2004, zile za ndani krimu, na mwenye krimu anajua mateso yake, kila mkono unaoshika mlango unaacha alama. Mwanangu ndo akamalizia kabisa, siku tuko foleni Ubungo naona nyuma kimya kimezidi, kugeuka hivi mlango mzima umechorwa peni ya bluu.

Jirani akanipa thina. Nikalowesha kitambaa kidogo tu nikasugua, doa likatoka kweli ila plastiki nayo ikaanza kunata kama pipi, nikasugua tena (sijui akili ilikuwa wapi) pakabaki bapa panang'aa, vile vipele vya kama ngozi vyote vimefutika na mpaka leo pako hivyo. Baadae nilipofungua kile kipande nikakuta nyuma kimeandikwa ABS, ndo jina la aina ya plastiki yenyewe, na ABS na thina havipikiki chungu kimoja.

Jumamosi nikaanza upya taratibu. Maji ya uvuguvugu nusu ndoo, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kijiko kimoja, na mswaki wa zamani ule laini. Kazi yote iko kwenye mswaki maana kitambaa kinapita juu tu wakati uchafu umejificha kwenye vijishimo, unasugua kwa kuzungusha halafu unapangusa povu kabla halijakauka, ukichelewa uchafu unarudi palepale. Mswaki ukung'ute kwanza, ukiuacha unachuruzika kwenye swichi za vioo utamtafuta fundi umeme. Maji yalitoka kama chai ya rangi, nikaona aibu, kumbe nilikuwa nabeba watu humo!

Peni sasa, sabuni haikuigusa. Nikaenda duka la dawa nikachukua spiriti, nikajaribu kwanza kule chini kusikoonekana, nikaona salama. Unalowesha pamba, unabonyeza juu ya doa unainua, unageuza upande msafi, usifute maana ukifuta wino unatembea. Nimemaliza pamba kama 15 ila imetoka, umebaki mstari mmoja tu ambao mtoto alikandamiza mpaka akachimba.

Ile polishi ya kung'arisha dashibodi sikupaka, inakamata vumbi na jua likipiga inamulika kioo cha mbele huoni barabara, vijana wa kuosha gari nimeshawaambia. Peni zote zimehamia kwenye mkoba wa mama yake.