Herufi zenyewe ni sehemu ya maelekezo

Hapa Moshi ninaandaa miongozo ya watumiaji wa programu za hesabu za vyama vya ushirika vya kahawa, na jambo ninalolisimamia kuliko yote ni kwamba umbo la herufi ni sehemu ya maelekezo, wala si pambo la ukurasa.

Kanuni nyingi zimekwisha kuzoeleka. Majina ya vitufe na menyu huandikwa kwa herufi nzito, vibonye vinavyobonyezwa pamoja huunganishwa kwa alama ya kujumlisha, kama Ctrl+S, na amri pamoja na majina ya mafaili huandikwa kwa herufi za upana sawa, mfano wa Courier, ambayo Howard Kettler aliibuni kwa ajili ya mashine za kuchapa za IBM.

Penye uzito zaidi ni maneno ya kubadilishwa. Karani anapokuta «jina_la_chama» ndani ya amri, atajuaje kwamba anatakiwa kuandika jina la chama chake, si maneno hayo hayo? Kurasa za mwongozo wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, hutenganisha mambo hayo kwa utaratibu ninaoupenda sana: kinachochapwa kama kilivyo huwa kwa herufi nzito, kinachobadilishwa huwa kwa italiki, yaani herufi za mlazo, au hupigiwa mstari, na kinachoweza kuachwa huwekwa ndani ya mabano ya mraba.

Tatizo ni kwamba miongozo yetu, ikishafika Kibosho au Rombo, hutolewa fotokopi, kisha kopi hiyo nayo hutolewa kopi. Bluu na nyekundu zote huwa kijivu, na mlazo wa herufi ndogo hufifia. Kwa hiyo sikubali maana ibebwe na rangi peke yake. Wapo wanaotumia mabano ya pembe, yaani < na >, lakini mtu akiyachapa pamoja na amri, kompyuta huyachukua kuwa agizo la kusoma faili au kuandika ndani yake. Mimi huweka italiki, na chini yake mfano uliokwisha kujazwa, kwa sababu mfano huo husomeka hata kwenye kopi mbovu.

Liko pia la alama za nukuu: programu za kuandikia hupenda kuzipinda zile zilizonyooka na kugeuza vistari viwili kuwa kimoja kirefu, na amri iliyonakiliwa hivyo hukataa kufanya kazi. Ndiyo maana mimi huzima marekebisho hayo kabla ya kuanza kuandika, kisha kila amri huinakili kutoka kwenye ukurasa uliokamilika na kuijaribu.