Mama, kunde na foleni ya Savannah

Kama una mgeni kutoka Bongo na umeshachoka kumpeleka kwenye baga, mpeleke Savannah, mji wa pwani huku Georgia, Marekani. Sisi tunakaa maeneo ya Atlanta, mpaka kule ni kama masaa manne kwa gari, na mama tangu atue Marekani kazi yake ilikuwa kulalamika, mara chakula hakina chumvi, mara kila kitu wamekimwagia jibini, mume wangu akasema basi twende kwenye mgahawa wa Mrs. Wilkes tuone kama na pale atanuna.

Iko Jones Street, ile mitaa ya zamani ya nyumba za matofali na miti mikubwa, ukipita haraka hata hujui kama ni mgahawa ila foleni ndo itakwambia. Na foleni yenyewe si mchezo! Huwezi kupiga simu ukawekewa meza, unasimama tu na wenzio. Obama alikula hapo mwaka 2010 akiwa rais, sidhani kama alisimama juani kama sisi. Watoto walianza kugombana, mama kajitanda kanga yake kichwani wala hana habari.

Huyo Mrs. Wilkes mwenyewe, jina lake Sema, alishafariki ila familia yake bado inaendesha. Alianza hapo mwaka 1943, enzi hizo ilikuwa nyumba ya kupangisha vyumba na wapangaji wanakula pamoja, na mpaka leo utaratibu ni uleule, meza ya watu kumi, mnachanganywa na msiowajua, hakuna kuchagua, mnakuta mabakuli yamejaa meza nzima hata pa kuweka kiwiko hakuna, kazi yenu kupitishiana. Kwa mama hiyo ilikuwa raha tupu maana mambo ya kila mtu na kisahani chake hayapendi.

Kuku wa kukaanga ndo sifa ya pale na sifa ni ya kweli, ngozi inalia kacha na ndani bado ana maji maji. Biskuti zao (usitegemee zile za kwenye pakiti, hizi ni laini kama skonzi) nilikula mpaka nikaona aibu. Viazi vitamu sasa, wamevipiga sukari, mama akaonja akaweka kijiko chini, "nani kaharibu viazi vya watu?" Na ile chai ya barafu alikataa kabisa, eti chai ikipoa inamwagwa.

Ila lilipomfikia bakuli la kunde akanyamaza. Akala, akaongeza. Likaja la bamia, likaja la sukuma wiki, akanigeukia, "We mwanangu, hawa watu vyakula vyetu wamevitoa wapi?"

Nikamuuliza mzee mmoja mweusi tuliyekaa naye, mtu wa South Carolina. Akasema kunde na bamia asili yake Afrika, zilivuka bahari enzi za utumwa, na mpunga wa pwani hii waliolima ni watumwa, wengi wao wa kutoka Afrika Magharibi walikokuwa wanaujua mpunga tangu zamani. Akasema mwaka mpya kwao haupiti bila kunde na wali, ni za bahati. Nikamtafsiria mama, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie shikamoo, halafu muulize mbona hawatii nazi."

Basi ikawa darasa. Mama anaeleza kwa mikono jinsi ya kukuna nazi, tui jepesi linatangulia kwenye kunde, zito la mwisho, usiache kukoroga lisije likakatika, mimi natafsiri na mdomo umejaa kuku, na yule mzee anaandika kwenye tishu! Wale vijana wawili wa mwisho wa meza nao wakaacha simu wakawa wanasikiliza.

Ukimaliza unabeba sahani yako mwenyewe mpaka jikoni, na hapo mama alichelewa kutoka maana alitaka aone masufuria.

Kwa mnaotaka kwenda, ni mchana tu, Jumatatu mpaka Ijumaa, wahini foleni kabla hawajafungua. Ndugu zangu Waislamu ulizeni kwanza, mboga za majani na maharage huku kusini mara nyingi wanapikia nyama ya nguruwe ya moshi. Na asubuhi msile kitu.