TV haishiki Wi-Fi vizuri? Usitoboe ukuta kwanza

Simu inacheza video bila shida, TV ya chumba hichohicho inakwama. Kabla ya kuita fundi avute waya, chukua simu, iweke nyuma ya TV, mahali hasa antena yake ilipo, upime kasi. Video ya HD kamili inataka megabiti 5 hivi kwa sekunde, 4K, yaani picha kali zaidi ya hiyo, inataka 15. Ukipata 20 na picha bado inakwama, shughulika na TV. Ukipata 2, shughulika na ruta.

Ruta nyingi za sasa zina mawimbi ya aina mbili. GHz 5 ina kasi, lakini kuta mbili za tofali za saruji zinaweza kuimaliza kabisa. GHz 2.4 hupenya zaidi, ila huko mna msongamano wa ruta za majirani, Bluetooth na maikrowevu. Ruta na TV zikiwa chumba kimoja, au zikitenganishwa na ukuta mmoja, tumia 5. Zikiwa mbali zaidi, tumia 2.4, na kwenye mipangilio ya ruta uweke upana wa MHz 20 na chaneli 1, 6 au 11, maana hizo tatu haziingiliani. Epuka 12 na 13: vifaa vya soko la Marekani kwa kawaida havizitumii, kwa hiyo TV iliyoagizwa kutoka huko haitauona mtandao ambao simu yako inauona.

Ruta yenyewe iondoe sakafuni na kwenye kabati la chuma. Iweke juu, mbali na friji na kioo kikubwa. Hilo ni la bure na mara nyingi linatosha.

TV isiyo na Wi-Fi lakini yenye HDMI inahitaji stiki tu, yaani kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI kinachopokea Wi-Fi na kucheza video. Hapa watu hukosea umeme. Tundu la USB la TV mara nyingi hutoa nusu ampea, wakati stiki nyingi hutaka ampea 1 au zaidi, kwa hiyo inajizima na kuwaka yenyewe. Ichomeke kwenye chaja yake. Tumia pia kipande cha HDMI cha kurefusha ili stiki itokeze nje. Ikibanwa nyuma ya TV, mawimbi huzibwa.

Kwa king'amuzi au mashine ya gemu yenye tundu la mtandao pekee, ruta ya zamani inafaa sana kupokea Wi-Fi na kuipitisha kwa waya, na ningeijaribu kabla ya kununua chochote. Ifute mipangilio, ingia kwenye ukurasa wake, tafuta “Client”, “Bridge” au “Range Extender”, chagua Wi-Fi ya nyumbani, weka nenosiri, kisha iunganishe na kifaa kwa waya mfupi wa nusu mita. Si kila ruta ina chaguo hilo, kwa hiyo angalia kwanza. Ukichagua “WISP” intaneti itapatikana, lakini ruta hiyo itaunda mtandao wake wa ndani, na simu haitaweza kurusha video kwenye TV. Kurusha kunataka vifaa vyote viwe mtandao mmoja. Wi-Fi ya wageni nayo mara nyingi huvitenganisha.

TV ikikataa nenosiri sahihi, angalia usalama wa ruta: TV za zamani haziijui WPA3, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, hivyo weka WPA2 iliyoitangulia. Ikiunganishwa lakini programu hazifunguki, tazama tarehe. Umeme ukikatika, baadhi ya TV hurudi miaka ya nyuma, na vyeti vya usalama hukataliwa.

Adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba nazo zipo. Zichomeke moja kwa moja ukutani, kwa sababu kilinda TV na stebilaiza huweza kuchuja mawimbi yake.

Kama intaneti yako ni ya bando, funga ubora kwenye programu yenyewe. Netflix kwa HD hula hadi GB 3 kwa saa, kwa 4K hadi GB 7, na TV ikiona kasi ipo huchukua ubora wa juu bila kukuuliza.